Moto wa Mgeni

Elieth Chilongani hakujua kutulia. Biashara binafsi iliporuhusiwa, wenzake waliacha utafiti wakafungua maduka mjini Dodoma. Yeye alibaki na mizani yake, akizunguka vijiji vya Chemba kupima kuni jikoni mwa watu, ili serikali ijue misitu itahimili kwa muda gani. Kila alikofika alikuta moto unawaka vizuri na chungu kinachemka. Akaripoti kwamba kuni bado zipo tele, na sera ikapangwa hivyo.

Mwaka uliofuata gari lilimharibikia karibu na nyumba aliyowahi kupima. Akaingia bila taarifa. Mafiga yalikuwa ya baridi, na watoto wanakunywa uji uliolala.

“Shikamoo mama. Leo hampiki?”

“Marahaba. Kuni ziko mbali, tunapika siku moja tunaruka moja. Ungetanguliza salamu tungewasha.”

“Na ile siku niliyokuja kupima?”

Mama akamshangaa. “Si tulikuwa na mgeni?”

Elieth akavikumbuka vijiji vyote alivyovitangulizia salamu. Alipogeuka aage, mama alikwishaanza kung'oa fito za zizi la mbuzi, ampikie.