Wanangu Walikatana kwa Sababu ya Kontena za Java

Mama huyu ametuandikia kutoka upande wa Meru. Majina tumeyabadilisha.

Salamu nyingi kwenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Hapa nyumbani karibu na Nkubu, baba watoto anawasalimu, ingawa mdomo wake bado umevimba. Nyanya yao anawasalimu. Kathure, kitinda mimba wangu, anawasalimu pamoja na mtoto wake. Mwenda anawasalimu akiwa kitandani hospitali. Murithi, kifungua mimba, salamu zake siandiki, kwa sababu mimi peke yangu ndiye najua aliko.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mkulima, niliachia shule darasa la tatu. Mnivumilie mwandiko.

Wanangu hao wawili wanafanya kazi ya kompyuta. Murithi yuko ofisi moja Embu, Mwenda yuko nyingine Makutano, na ofisi hizo zilipewa kazi moja. Murithi anatengeneza vipande vya kurasa za intaneti: mahali pa kuandika jina, kidude cha kubonyeza, mambo kama hayo. Vipande hivyo haviendi peke yavyo. Vinabebwa na programu wanayoita kontena, iliyoandikwa kwa Java, lugha moja ya kompyuta, na ile ya Embu si sawa na ya Makutano. Nimesikia wakigombania hilo mpaka nalijua kama Baba Yetu. Embu vilifanya kazi vizuri. Murithi akavitia kwa disketi, akampelekea ndugu yake, na Makutano vikakufa mbele ya wakubwa. Mwenda akavibadilisha vikafufuka. Kurudi Embu, vikakufa huko. Murithi akatukanwa mbele ya watu.

Nikasema waje nyumbani, baba yao achinje mbuzi, wale pamoja yaishe. Kwetu kifungua mimba ndiye anakatia wengine nyama. Ndiyo maana kisu kilikuwa mkononi mwake.

Mwenda akacheka. "Kata vizuri, bwana injinia. Ama hata nyama yako inakubali sahani ya Embu peke yake?"

"Wewe uliniharibia kazi."

"Nilifufua maiti yako!"

"Rudia."

"Maiti!"

Murithi akamrukia. Mwenda akakinga uso na mkono wa kulia, kisu kikapita kwa vidole viwili, vikabaki vikining'inia kwa ngozi. Hata hivyo alimshika ndugu yake shingo, akamgonga kichwa kwa jiwe la jiko mpaka nikasikia mlio. Baba yao akaingia kati na rungu akipiga yeyote. Mukimo wote, vile viazi nilivyoponda na mahindi, ukawa damu. Murithi akatorokea kwa migomba.

Kesho yake rika ya Mwenda, vijana waliotahiriwa pamoja naye, wakaja na petroli. "Mzee, toa huyo Kaini!" Baba watoto akasimama mlangoni kwa nyumba ya Murithi hapa bomani. Wakampiga mateke ya mdomo, meno yakatoka, wakachoma hiyo nyumba na kompyuta yake ndani.

Nikaenda hospitali. Mwenda akaniambia, "Mama, kama unajua aliko na unanyamaza, mimi si mwanao. Nikitoka hapa namkata mwenyewe, hata na mkono wa kushoto."

Juzi nimempelekea Murithi chakula kule aliko. Akalia. "Mama, kosa ni langu. Niliandika vipande vikiitisha vitu ambavyo kontena yetu ya Embu peke yake iko navyo. Ningeweka kipande kingine katikati, cha kuongea na kila kontena kwa njia yake. Mwenda alijaribu kunionyesha, nikamwona mtoto. Mwambie."

Nitamwambia vipi? Nikitoa neno hilo tu, atajua nimeonana naye, na rika yake watanifuata mpaka huko. Nikinyamaza, Mwenda atatoka na hasira ile ile, asijue ndugu yake amekubali kosa. Wazee wako tayari na kondoo wa kuosha damu, lakini lazima wakae chini wote wawili. Nani atanihakikishia Murithi ataondoka hapo akiwa hai?

Daktari anasema Mwenda atatolewa karibuni. Nishaurini, watu wangu, nifanye nini? Nipeleke hilo neno, ama nilimeze? Andikeni upesi. Gari la magazeti likifika Nkubu, mimi nitakuwa nimesimama hapo.