Siku Tuliyonyolewa Mtoni

Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na matope ya mto hunitoa machozi mpaka leo. Nikifua nguo mbele ya nyumba hapa Kauma, majirani hudhani povu limeniingia machoni. Waache wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia.

Tulikuwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mi na mama, tumekimbia vita kule Fizi. Baba tulimwacha ufukweni mwa ziwa, tulipopanda boti. Alisema anarudi kumchukua bibi, kisha atatufuata. Kila lori la wakimbizi wapya lilipofika, mama alisimama pembeni akitazama kila uso mpaka wa mwisho ashuke. Wamama wa kanisa walimwambia akubali tu kwamba amekuwa mjane. Akakataa katakata. Alisema hawezi kumzika mume wake kwa midomo ya watu.

Halafu akafika mtu wa kijiji chetu, aliyemzika baba kwa mikono yake. Mi sikuambiwa kitu. Kwetu mtoto hapewi habari ya kifo, ila niliona watu wakishusha sauti nikipita.

Asubuhi moja mama akasema tunaenda kutembea mtoni. Kutembea! Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona akitoka bila mzigo kichwani! Nilifurahi hadi nikasahau chai. Tulifuatana na Mama Furaha, jirani yetu, naye mjane wa kwetu. Njia haikuwa na taabu, ilishuka polepole katikati ya mahindi, kisha ikafuata mto kando ya bustani za mboga. Nilitangulia mbio, nikiwasalimu wote zikomo, kama wenyeji, hata mbuzi, na wamama waliokuwa wakipalilia wakanicheka. Nikachuma mapera ya watu. Hakuna aliyenikaripia, na mi nikaona dunia imekuwa nzuri sana.

Penye matete Mama Furaha akatoa sabuni na wembe. Akamnyoa mama, akaninyoa na mi. Nilidhani ni chawa tu, maana kambini chawa walikuwa wa wote, sawa na bomba la maji. Kisha akamshika mama mabega, akamwingiza mtoni na kitenge chake.

"Lia sasa, dada," akamwambia. "Lia yote. Ukitoka mu maji, njo basi, imeisha."

Mi nilikuwa kandokando, napiga maji kwa miguu, naimba. Nikamtazama mama na kile kichwa kitupu, nikacheka.

"Mama, baba akikuya atatujua namna gani?"

Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Akaufunga.

"Atatujua," akasema.

Mama Furaha akageukia matete. Mama akatoka majini, macho makavu, akanikausha kichwa kwa ncha ya kitenge.

Nilipokaribia kuolewa ndipo Mama Furaha aliponieleza. Kwetu mjane humlilia mumewe mara ya mwisho ndani ya mto, na akishatoka haruhusiwi tena. Kutwa nzima mi nilikuwa nikiwaza mapera, na mama alikuwa amepewa saa moja tu ya kulia, akaikosa kwa sababu mtoto wake alikuwa bado anamngoja baba. Inaniuma, jamani, na sina pa kulipeleka hilo. Aliishi Dzaleka miaka mingi, akicheka na wageni, akiimba kanisani. Sikumsikia akilia hata siku moja. Kilio kile alikimeza pale mtoni, na tukamzika nacho.