Kichwa cha Upande Mmoja

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu alikiona kwa Ablavi ni vidole vyake. Havikutulia. Akikaa kanisani vilisokota pindo la kitambaa chake. Akisubiri viazi vikuu vikaangwe kwa muuzaji wa kona, viliuchana mfuko wa plastiki na kuusuka kama mkia. Siku ya kwanza ya mafunzo Madam Kokoè alichelewa kidogo, na alipofungua mlango wa darasa lake alikuta nyuzi zote za pindo la pazia zimesukwa, nadhifu kama vichwa vya wasichana wanaokwenda kubatizwa.

"Nani amelisuka pazia langu?"

"Mimi, Madam. Samahani. Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri vibaya," alisema Madam Kokoè akilipapasa pazia. "Lakini unasuka vizuri. Kaa chini."

Madam Kokoè alikuwa ametengeneza nywele za picha za majarida huko Dakar na Abidjan, na sasa amerudi Lomé kuwafundisha wasusi kazi hiyo. Mwisho wa mafunzo, mwanafunzi mmoja angepewa kutengeneza kichwa cha picha ya jalada la jarida. Ablavi alikitaka kichwa hicho mpaka chakula kikamshinda. Pale mtaani Bè wanawake walipanga foleni kwake, maana msuko wake haukulegea upesi. Lakini hata usiolegea hufumuliwa. Kila alichowahi kukitengeneza kilikuwa kimeishia sakafuni, kikafagiliwa pamoja na vumbi. Alitaka kimoja tu kibaki.

Siku ya majaribio walipewa Tchilalo, mwanamitindo mrefu kutoka Kara, wamtengeneze kwa zamu. Zamu ya Ablavi ilipofika alizizungushia nywele uzi mweusi, akazipandisha matao juu ya sikio la kushoto, tao juu ya tao, mpaka wenzake wakasogea kutazama. Kisha akahamia kulia. Kisha kisogoni. Mpiga picha aliita mara ya kwanza, akaita tena.

"Bado kisogo," alijibu Ablavi bila kuinua kichwa.

"Kisogo cha nini? Mimi napiga kushoto!"

"Bado kisogo, kaka."

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, matao yalikuwa ya ajabu, ila uso chini yake ulikuwa umevutwa kama ngoma. Nyusi zimepanda, macho yamekodoka, chozi limesimama.

"Jamani, huyu kamwona nani?" aliuliza Yawa, mwanafunzi mwenzake. "Mkwe wake?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata Tchilalo alicheka, kadiri ngozi ya uso wake ilivyomruhusu.

Madam Kokoè hakucheka. "Ablavi, hiki ni kichwa cha kulalia mwezi mzima na kuendea harusini. Mimi nimekuomba kichwa cha muda wa kufumba na kufumbua. Kamera ina jicho moja na haizunguki nyuma. Shikiza kwa vibanio, legeza mizizi, ondoa mikono."

Kuondoa mikono ndiko kulikomshinda. Kila alipojaribu tena, vidole viliteleza vyenyewe mpaka kisogoni, vikaanza kukaza na kufunga. Hata hivyo, wiki ya mwisho Madam Kokoè alimtaja yeye.

"Nakupa jalada kwa ajili ya yale matao. Tutapiga Jumamosi, kwenye ghala la pamba karibu na reli. Lakini nikikukuta nyuma ya kichwa, nitamwita Yawa amalizie. Umenisikia?"

Alisikia. Usingizi ukamwisha. Ijumaa alinunua chupa ya sodabi, pombe kali ya mchikichi, akaenda nayo kwa Da Massan, aliyemfunza ususi tangu akiwa msichana mdogo. Da Massan alikuwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Haya, karibu bibi wa majarida! Chupa ya nini? Umechumbiwa?"

"Hapana, Da. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuacha kichwa nusu."

Chanuo lilisimama hewani. Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaacha kutafuna.

"Rudia," alisema Da Massan. "Siku ya kukuachilia ukajitegemee, nilipokumwagia poda utosini na wewe umepiga magoti mbele ya watu wote wale, uliahidi nini?"

"Kwamba kichwa hakitatoka mikononi mwangu hakijaisha."

"Poda yenyewe nilikumwagia kopo zima."

"Hakitatoka, Da. Kitapigwa picha tu, kisha nitakimaliza."

"Mwache mtoto, Massan," alidakia mteja kutoka chini ya mikono yake. "Mbona mimi ndiyo kwanza umenisuka upande mmoja na porojo umeshamaliza?"

Benchi likacheka. Da Massan alimkaza mteja msuko mmoja wa adabu, akaisukuma chupa chini ya kiti kwa mguu. Hakukubali wala hakukataa.

"Nitakuja mwenyewe nione," alisema. "Na chanuo langu nitakuja nalo."

Jumamosi harmatani, ule upepo mkavu wa vumbi la jangwani, ilikuwa imeanza. Lomé yote ilikuwa na rangi ya unga wa mihogo, na midomo ya watu imepasuka. Mpiga picha alifurahia. Alitaka upepo uingie kwa mlango mkubwa wa ghala, na Ablavi alikuwa ameupangia kazi: kwenye ncha za matao alishikiza nyuzinyuzi za pamba, kwa wepesi, ili upepo uzibebe. Zingeruka mara moja tu.

Alifanya upande wa kushoto. Mizizi aliilegeza, ingawa kila tao lilimuuma moyoni kama deni. Kulia hakugusa. Kisogoni alirundika vibanio, na vilipokwisha akatumia vya kuanikia nguo.

"Leo naweza kupepesa macho," alisema Tchilalo. "Asante, dada yangu."

Da Massan aliingia wakati huohuo, mkoba kwapani, amejifunga shali ya sherehe yenye pindo refu la nyuzi. Hakumsalimu mtu. Alipita mbele ya matao, akasimama kidogo, halafu akazunguka moja kwa moja hadi nyuma.

"Mungu wangu. Huku ni kichwa au kamba ya nguo?"

Mkono wake ukaingia kwenye mkoba, ukatoka na chanuo. Vidole vya Ablavi navyo vikaamka. Kibanio kimoja kilikuwa kimekaa kombo, na fungu la nywele lilining'inia ovyo. Lingechukua muda mfupi sana kulifunga. Ng'ambo ya ghala, Madam Kokoè alikuwa akimtazama, na Yawa alisimama kando yake, mikono tayari.

"Da," alisema Ablavi. "Usiguse."

Hakuwahi kumwambia Da Massan neno kama hilo maishani mwake. Yule mama alimwangalia, chanuo bado liko juu. Kisha akalirudisha mkobani.

"Basi na wewe usiguse," alisema. Alifungua shali yake, akamtupia mikononi. "Suka hiyo, kabla hujaniharibia kazi."

Mpiga picha alipiga goti. Wanaume wawili waliivuta milango mikubwa, na mwanga wa vumbi ukaingia, lakini upepo ulikuwa umetulia. Pamba zilikaa kwenye ncha bila kutikisika. Ablavi alisimama mbali na kichwa, macho juu ya matao yake, vidole vikikimbia kwenye pindo la shali, uzi juu ya uzi.

"Bado," alinong'ona mpiga picha. "Bado."

Kule nje, kwenye reli, mfuko mtupu uliinuka, ukaanguka, ukainuka tena. Vumbi la uwanjani lilianza kutambaa kuelekea mlangoni, na Tchilalo akainua kidevu.