Siku Sita za Samli

Nilimdanganya daktari kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Aliniuliza, "Kuna dawa yoyote unayotumia sasa hivi?" nami nikajibu hakuna, haraka haraka, kama mtu anayekataa chai kwa jirani asiyempenda.

Daktari mwenyewe alikuwa mama wa Kihindi, mfupi, mwenye Kiswahili cha Nairobi kunishinda mimi niliyezaliwa Ukambani. Chumba chake kilikuwa upande wa Ngara, juu ya duka la vitambaa, na kilinukia mafuta ya ufuta tangu ngazini. Tiba yake ni Ayurveda, ile ya kwao ya zamani, ya kuusafisha mwili kutoka ndani ndipo ngozi itulie. Alinishika mkono akasikiliza mshipa. Akatazama ulimi. Akauliza choo changu kikoje, usingizi ukoje, na nikikasirika ni wapi mwilini panapowaka. Nikamwambia kila mahali. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

"Mama, nisikilize vizuri. Wengi wenye ngozi kama yako wamekunywa vidonge vya steroidi. Mtu kama huyo simwanzishi hii kazi. Kwanza anarudi kwa daktari wa hospitali, apunguziwe dawa pole pole, inaweza kuchukua miezi. Wewe umekunywa?"

"Sijakunywa."

Nilikuwa nimekunywa kimoja asubuhi hiyo hiyo, na chai.

Huku mtaani kwetu Baba Dogo tunaviita zile ndogo. Unaenda duka la dawa la kona, unasema nipe zile ndogo, unapewa kwenye kibahasha cha kaki kilichochorwa mstari wa biro: moja asubuhi. Hakuna anayeuliza karatasi ya daktari. Wasichana wanazinywa wanenepe mashavu, wazee wanazinywa kwa sababu ya magoti, na mimi nilikuwa nazinywa kwa sababu ya ngozi, mwaka na nusu bila kuruka siku. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga ukiulizwa kama unatumia dawa, unafikiria ya sukari au ya presha. Zile ndogo hakuna anayezihesabu. Lakini sitajificha nyuma ya hilo. Daktari alikuwa ameziita kwa jina lake na mimi nilimwelewa. Nilidanganya kwa sababu alisema miezi, na mimi nilikuwa na wiki tano.

Wiki tano ndizo zilizokuwa zimebaki binti yangu ajifungue.

Ninaye huyo mmoja tu. Anaishi Makadara na mumewe, ambaye ni karani, kijana mpole wa kutoka Murang'a. Sasa, msichana akipata mtoto wa kwanza, mama yake anahamia kwake. Ndiye anayemwogesha mtoto, anamkanda mzazi kwa maji moto, anapika uji, anafukuza wageni wenye mdomo mrefu. Nilikuwa nimeshanunua beseni. Nilikuwa nimemtafuta mama wa kuniangalizia kibanda changu cha nafaka. Halafu Jumapili moja, tumetoka kanisani, binti yangu ameketi kwangu anatazama televisheni ambayo hata haikuwa na sauti, akasema, "Mama, wewe usijisumbue. Mama mkwe atakuja kutoka Murang'a. Wewe pumzika."

"Nipumzike nimechokea nini?"

"Pumzika tu, mama."

Hakunitazama. Na mimi sikuhitaji kutafsiriwa, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe. Mama yangu alikuwa na ngozi hii hii. Nilipomzaa huyu binti, alitoka Makueni na kiondo cha ndengu na kuku aliyefungwa miguu, akaja kuniogeshea mtoto. Mimi nilikuwa na ngozi laini siku hizo, na kiburi. Nikamwambia, mama, pumzika, kuna jirani atamwogesha. Akakaa siku mbili kwenye kiti cha pembeni, mikono amefunika na leso, halafu akasema amekumbuka ng'ombe wake na akarudi nyumbani. Miaka miwili baadaye ngozi ikanishika mimi. Viwiko kwanza, magoti, kichwa, mgongo. Daktari wa ngozi aliiita soriasisi, akasema haiambukizi. Nenda ukawaambie hivyo wateja wanaotazama mkono wako ukipima gorogoro ya maharagwe! Wanasema, "Nitarudi, mama." Hawarudi.

Kwa hivyo nilichotaka ni kitu kimoja: mtoto atakapozaliwa, mikono yangu iwe safi, nimshike kwenye maji mimi, na asiwepo mtu wa kuniambia nipumzike. Ndicho nilichopeleka Ngara.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi sita, kabla ya kula chochote, nanywa samli iliyopikwa na majani machungu, kila siku zaidi ya jana. Nikisikia njaa ya kweli, nile wali laini uliochanganywa na ndengu. Mkamba aliyekulia ndengu kuambiwa ni dawa, nikaona huyu mama ni mtu wangu. Baada ya samli, siku mbili za kukandwa mafuta na kuketi kwenye mvuke pale kwake. Mwisho, nikiwa nyumbani, dawa ya kuendesha tumbo, itoe vyote vilivyolegea ndani. Dawa hiyo alinipa siku ile ile ya kwanza, imefungwa kwenye karatasi. Akaniambia nisiiguse mpaka aseme, na siku hiyo niwe na mtu karibu.

"Unaye mtu?"

"Ninaye," nikasema, mimi ninayeishi peke yangu.

Zile ndogo niliziacha siku hiyo hiyo, ghafla, kama mtu aliyeokoka. Nilijiona nimeshakuwa mkweli: si sasa kweli situmii dawa nyingine?

Samli ya siku ya kwanza ilikuwa vijiko vitatu na ikashuka. Ya tatu niliinywa nimeziba pua. Ilikuwa ya kijani, na ukiimeza inabaki kwenye meno, unaramba uchungu mpaka saa sita. Kufikia ya tano nilikuwa naiangalia kwenye glasi na machozi yananilenga. Siku hiyo ndipo ngozi ilianza kuwaka. Si magamba ya kawaida. Mahali palipokuwa pazima miaka yote, tumboni, ndani ya mapaja, palikuwa pamegeuka pekundu. Nikajiambia uchafu unatoka. Haki ya Mungu, nilifurahi.

Siku ya kukandwa, msichana wa mafuta alinivua leso mgongoni, akasimama, akatoka kumwita daktari. Daktari akanibonyeza kwa kidole hapa na hapa.

"Mama. Nakuuliza tena. Hakuna dawa uliyoiacha hivi karibuni?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Kwani nikuapie?" Nilimjibu kwa ukali. Ndivyo nilivyo, nikishikwa napandisha sauti.

Akanifunika leso mgongoni. Kisha akasema hatuendelei, hii ngozi haimpendezi, nirudi nyumbani, nile chakula laini, nisinywe ile dawa ya kwenye karatasi, na kesho kutwa nije anione. Nikiona baridi au homa nimpigie saa hiyo hiyo. Nikasema sawa.

Wiki zilikuwa zimebaki tatu na siku kadhaa. Nilishuka ngazi nikihesabu. Nikiahirisha, ndiyo basi, mama wa Murang'a anafua nepi na mimi nimekaa kwangu natazama beseni. Nikaamua nitamalizia mwenyewe. Nilikuwa na dawa, nilikuwa na choo, ningehitaji nini kingine?

Choo ni kimoja kwa nyumba nane. Kwa hivyo nilipanga kama mwizi. Nilichagua Alhamisi, watu wote wako viwandani, nikajaza mitungi minne, nikameza dawa saa moja asubuhi. Saa tatu tumbo likafunguka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano nilikuwa bado naimba wimbo wa kanisa. Kufikia ya tisa nikaacha kuimba. Nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nje ya mlango wa choo, juani, nimevaa koti na sweta ndani, na meno yanagongana. Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa myekundu kuanzia kucha mpaka ndani ya mikono ya koti, bila doa moja la rangi yangu. Nikavuta gauni nikatazama miguu, ni vile vile. Ngozi ilikuwa moto ukiigusa, na mimi niliyekuwa ndani yake nilikuwa naganda.

Hapo nikaogopa. Nilitaka kumpigia daktari, na simu ilikuwa chumbani, hatua kumi na tano. Nilisimama. Ukuta ukaondoka mahali pake na nikajikuta nimelala kwenye sakafu ya uani yenye maji.

Aliyenipata ni jirani wa mlango wa pili, mama anayefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha plastiki, aliyekuwa ameamka kuanika nguo. "Woi! Mama, ni nini?" Akaniburuta mpaka kitandani. Nikamwambia asimpigie binti yangu, ana mimba ya miezi minane. Akampigia nikiwa bado nasema hayo.

Binti yangu alikuja na teksi. Aliingia tumbo likiwa mbele, akaniona, akashika fremu ya mlango. Alichukua simu yangu, akatafuta namba ya daktari, akaiweka sauti kubwa juu ya godoro.

"Mama yuko mwekundu mwili mzima," akasema. "Anatetemeka. Ameendesha tangu asubuhi."

"Alikunywa ile dawa?" daktari akauliza. "Muulize, na aseme ukweli. Amekuwa akitumia steroidi?"

Binti yangu akanigeukia. Jirani naye akanigeukia. Nilijua nikisema ndio, huyu mtoto wangu atajua kwamba nimedanganya kwa wiki nzima, na atajua kwa nini. Nilitamani kuzimia tena.

"Mama," akasema. "Jibu."

"Ndio."

"Muda gani?" akauliza daktari.

"Mwaka na nusu. Niliziacha siku niliyokuja kwako."

Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Alisema, "Hospitali. Sasa. Na mlangoni mseme maneno hayo hayo, msifiche hata moja."

Nililazwa siku kumi na saba. Walinieleza kwamba mwili wangu ulikuwa umezoea kuletewa na vidonge kile ambacho hujitengenezea wenyewe, na nilipovikata ghafla haukuwa na chake. Ngozi nayo ilikuwa imeshindwa kuzuia maji na joto, na samli na kuendesha vikamaliza kilichobaki. Daktari kijana alisema ningechelewa hadi jioni angekuwa anaongea na jamaa zangu. Walinirudishia vidonge vile vile, kwa kipimo, wakanipa karatasi ya kuvipunguza taratibu. Ngozi ilinitoka yote. Kila asubuhi muuguzi alikung'uta shuka, na mimi nilifumba macho.

Siku ya kumi na nne, mkwe wangu alinitumia picha. Mvulana. Kwenye picha ya pili anaogeshwa, na mikono iliyomshika ni ya yule mama wa Murang'a, mizuri, minene, inang'aa kwa maji. Niliigeuza simu kifudifudi nikalia mpaka wagonjwa wenzangu wakaniuliza nani amekufa.

Nililetewa mtoto nikiwa nimemaliza wiki mbili nyumbani. Binti yangu alikuja peke yake naye, mchana, amejifunga kilemba. Nilikuwa nimevaa glavu za pamba. Niliwakaribisha kitini, mimi nikakaa kitandani, mbali.

"Mshike, mama."

"Bado mikono haijapona."

"Mshike."

"Si uliniambia nipumzike?" Ilitoka hivyo, kali, mbele ya mtoto. "Si una mtu wa kumwogesha? Mimi nilikuwa nife kwa ajili ya hayo maneno yako, unajua? Nilikuwa nife!"

Alimlaza mtoto kitandani kando yangu, akanipa mgongo, akafungua kilemba. Kuanzia kisogoni kupanda juu, nyuma ya masikio yote mawili, nywele zilikuwa zimeachana, na katikati yake yale magamba meupe ninayoyajua kuliko sura yangu.

"Tangu lini?"

"Mimba ya miezi mitano."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?" Bado alikuwa amenipa mgongo. "Ungekaa kwangu mwezi mzima. Ungeona siku ya kwanza, wewe huwezi kukosa kuona. Na ungejilaumu. Nilitaka tu mtoto azaliwe kwanza."

"Kwa hivyo hukuogopa nimguse?"

Akageuka. "Aki mama! Ni nani alikuwa anakupaka mafuta mgongoni tangu niko darasa la pili?"

Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kupiga magoti. Nilivua glavu, zikashika kwenye nyufa za vidole, nikazivuta hivyo hivyo, nikamwinua mjukuu wangu nikamweka mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alinitazama bila shida yoyote.

Binti yangu akaketi sakafuni, kichwa kikaegemea goti langu.

"Itaisha?" akauliza.

Jibu la kumtuliza lilikuwa tayari mdomoni. Ni rahisi kwangu, naweza kudanganya kabla sijakaa vizuri.

"Haiishi," nikamwambia. "Inalala, inaamka, inalala tena. Haiishi."

Akaanza kulia kwa sauti, na mtoto akamfuata. Nikamweka mtoto begani, na mkono wangu mwingine nikaupitisha kwenye kichwa cha mama yake, pale pale kwenye magamba, taratibu, mpaka wote wawili wakanyamaza.