Mbwa Aliyegawiwa Kama Ng'ombe

Jirani yangu Winifred si tapeli. Watu wa hapa Gahanga, Kigali, wakikuambia vingine, waambie mimi Mama Tito nimekataa. Ni mjane, mtu wa kanisani, wengi humwita Mama Shema, alikulia kwetu Tanzania upande wa Ngara kabla wazazi wake hawajarudi Rwanda, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mume wangu. Ila maringo! Yesu wangu, yale maringo!

Anafuga mbwa wa Kijerumani nyumbani kwake, wale wa masikio yaliyosimama, na anauza watoto wao. Jike lake, Bella, linalala kwenye godoro. Mimi nauza dagaa sokoni, na mbwa wangu anaitwa Dagaa: mwekundu, miguu myeupe kama amevaa soksi, masikio yameanguka yote mawili. Miaka yote hiyo Winifred hakuwahi kumtaja kwa jina. Kwake alikuwa "ile takataka yako".

Basi Bella alipofika wakati wa kutaka dume, Winifred akampeleka Masoro, kwenye ghala moja lenye dume la maana. Akarudi anatamba mtaa mzima. Siku mbili tatu baadaye naanika dagaa zangu, nasikia mayowe upande wa pili wa ukuta. Kuchungulia, namwona Dagaa wangu ndani ya uwanja wa watu, kashamaliza shughuli, kajilaza kivulini anahema.

"Mama Tito! Takataka yako imeniua!"

"Muulize Bella nani kamkaribisha," nikamjibu, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Yeye hakucheka. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Jirani, nakuomba, hili lisitoke hapa." Ujirani ni ujirani. Halikutoka.

Watoto wakazaliwa. Karibu wote walikuwa na rangi inayotakiwa, wakachukuliwa na wenye magari. Akabaki mmoja, mwekundu mwekundu, vidole vyeupe. Kila mnunuzi alimtazama akamruka. Ndipo akaja Mwalimu Conrad.

Conrad ni seremala, karakana yake iko Gikondo, na kanisani kwetu ndiye mwalimu wa kwaya. Mtu mpole sana, mpaka wakati mwingine unataka kumtikisa. Alikuwa amemwahidi binti yake, Gaju, mbwa wa mbegu safi, na mambo ya mbwa hayajui kabisa. Akamgeuza geuza yule mtoto wa mbwa, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kigali, "Mama Shema, hii miguu nyeupe iko sawa?"

Nilikuwepo, nimekwenda kuomba chumvi. Winifred akanitupia jicho la haraka.

"Rangi itakolea akikua," akasema. "Na masikio yatasimama. Mpe supu ya mifupa tu."

Laiti angeishia hapo! Lakini ana maneno yake ya kuwapamba wanunuzi, na huyu naye akampa. Akambeba mtoto wa mbwa kwa mikono miwili, akamkabidhi. "Mimi sifanyi biashara, Mwalimu. Nimekugabira." Ndivyo Wanyarwanda wasemavyo mtu anapomgawia mwenzake ng'ombe wa urafiki, na urafiki huo hauishi. Wenye magari walikuwa wanacheka, wanalipa, wanaondoka. Conrad hakucheka. Alilipa, kisha akavua kofia kama aliyepewa ng'ombe kweli.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada anamfuata Winifred kumpa habari. "Mama Shema, sikio ya kushoto ilijaribu kusimama, ikaanguka." Winifred anajibu, "Subiri, anaota meno." Anasubiri. Mbwa anakua, masikio yako palepale chini. Mara mtu akamwambia Conrad masikio hufungwa kwa plasta, akayafunga. Siku hiyo Gahanga nzima ilivunjika mbavu. Watoto wakamwita mbwa "mgonjwa", vijana wa pikipiki wakamuuliza Conrad kama ametoka hospitali. Naye anawajibu bila kukasirika, "Mama Shema amesema itasimama."

Winifred akaanza kukaa benchi la nyuma kanisani, karibu na mlango, ibada haijaisha vizuri yeye keshatoka.

"Mwambie basi," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba nilimdanganya? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Pale pale ulipouweka siku unamdanganya."

Akaninunia wiki nzima. Haya, na anune, mimi nifanye nini?

Kisha ikafika Jumamosi ya umuganda, ile ya kazi ya pamoja ya mtaa. Tumerudi, nanawa matope miguuni, Winifred ananiita ukutani. "Mama Tito, njoo ukae na mimi. Conrad yuko getini na mke wake. Ameshajua. Amekuja kunitukana."

Nikaenda mbio, kitenge hata hakijakaa sawa. Laiti angekuwa amekuja kutukana!

Conrad alikuwa amevaa koti la kanisani. Mke wake, Mukandayisenga, amejitanda mshanana wa harusini, lile vazi la sherehe la Kinyarwanda, na mkononi ana dumu la urwagwa, ile pombe ya ndizi. Mbwa kafungwa kamba, masikio yako ndani ya plasta. Conrad alikataa kukaa mpaka Winifred akae kwanza.

"Mama Shema," akasema, "baba yangu alinifundisha. Ng'ombe uliyogabirwa ikiharibika mikononi yako, humkimbii mwenye alikupa. Unachukua pombe, unaenda, unamwambia. Wewe ulinipa kitu nzuri, mimi nikaiharibu. Supu nilipika, pengine haikutosha. Masikio imekataa. Sasa watu wanacheka jina yako, na makosa iko yangu. Tumekuja kuomba imbabazi, utusamehe."

Mukandayisenga naye akainamisha kichwa.

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze, na mbwa mwenyewe hakuwa wa kwangu. Nikamtazama Winifred. Neno moja tu lilitosha, "Nimewasamehe," pombe ifunguliwe, tunywe, jambo liishe, jina lake libaki safi mpaka anaingia kaburini. Nililiona lile neno limefika midomoni. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa naliombea litoke.

Winifred akainuka. Akaenda hadi getini, akalifungua, akaita kuelekea nyumbani kwangu, "Dagaa! Dagaa, njoo!"

Dagaa hakuamini masikio yake. Alisimama kwanza, kisha akaja mbio anatikisa mkia na kiuno kwa pamoja. Winifred akamshika shingoni, akamweka karibu na yule kijana wa plasta. Soksi zile zile. Rangi ile ile. Hata mkia umekunjwa upande ule ule.

"Baba yake ni huyu," akasema. "Nilijua tangu siku wanazaliwa. Hukuharibu kitu, Mwalimu. Nilikupa kilichoharibika, nikakuita ndugu." Akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Conrad akatazama mbwa mmoja, akatazama mwingine.

"Kwa hiyo supu..."

"Supu yako haina kosa."

"Na plasta?"

Winifred akatikisa kichwa.

Conrad akapiga magoti na koti lake la kanisani, akaanza kuibandua. Ilikuwa imeshika, inatoka na manyoya, na mbwa analia. Winifred naye analia. "Mrudishe, Mwalimu. Bella akizaa tena nitakupa aliye safi, bure, mbele ya Mungu."

"Hapana, Mama Shema. Huyu hana kosa."

Wakatuaga kwa mikono miwili, wakaenda. Pombe wakaiacha mezani, haijafunguliwa. Mpaka leo dumu liko jikoni kwa Winifred. Namwambia alimwage, anauliza atalimwagaje. Namwambia basi tunywe, anauliza atainywaje. Dagaa siku hizi anapita getini, anapewa mifupa.

Jumapili iliyofuata nilijua Conrad atatupita. Hakutupita. Alikuja moja kwa moja mpaka benchi la nyuma, kofia mkononi, kama kawaida yake.

"Mama Shema," akasema, "mbwa iko mzima. Anakusalimia."

Na kila Jumapili anakuja kusema hivyo hivyo, na kila Jumapili Winifred anaitikia akiwa ametazama viatu vyake.