Blenda Iliyorudi Kitale

Naim hajawahi kuuza kitu ambacho hakukifungua kwanza. Duka lake la vyombo vya umeme liko karibu na msikiti mjini Kitale. Mtu akitaka hata birika, Naim hukata gundi ya katoni kwa kisu kidogo, huchomeka waya ukutani, kisha humtazama mteja badala ya birika.

"Umeona?"

Mteja husema ameona. Hapo ndipo hulipa.

Tabia hiyo aliirithi. Marehemu babake aliuza tochi Lwakhakha, na kila tochi aliiwasha kwenye kiganja cha mnunuzi, jua likiwa utosini. Wengi wa wanunuzi hao walikuwa njiani kuvuka kwenda Uganda na wasingerudi kulalamika hata kama tochi ingekuwa ya udongo. Mzee aliwasha tu. Naim alipofungua duka lake Kitale, aliongeza kitu kimoja ambacho babake hakuwa nacho: muhuri. Kila risiti hugongwa kwa wino wa zambarau, MALI ILIYOFUNGULIWA HAIRUDISHWI. Kwa miaka mingi aliugonga huku kisu kikiwa bado mkononi, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha Jentrix wa Kibomet akarudi na blenda.

Alikuwa ameinunua wiki iliyotangulia, zawadi ya kumpelekea mama mkwe wake kule Myanga, aliyekuwa amebaki na ufizi na hasira. Sasa aliiweka katoni juu ya kaunta, akasalimia vizuri, akaulizia watoto.

"Imeharibika, Mama Ian?" Naim akauliza.

"Haijaharibika, Baba Huzaifa. Inasaga mpaka kuku wanakimbia."

"Basi shida ni nini?"

"Meno. Si shemeji yangu Sifuna alimpeleka mama Bungoma akawekewa meno? Hakuniambia. Nafika na blenda, namkuta anatafuna mahindi ya kuchoma. Ati nimpelekee uji wa sukuma wiki mtu wa meno mapya? Amenirudishia mbele ya wake wote wa boma. Nataka nimpelekee redio badala yake. Jumapili naenda tena, na siwezi kwenda mikono mitupu."

Naim aliikagua blenda. Visu vilikuwa safi, na jagi halikuwa na harufu ya kitu chochote. Kwa mara ya kwanza katika biashara yake alitamani mali yake iwe na kasoro.

"Ingekuwa mbovu ningekubadilishia saa hii. Hiyo ni haki yako. Lakini hii ni nzima."

"Najua. Ian wangu anasomea sheria. Ameniambia kitu kizima, mtu amebadilisha nia tu, mwenye duka halazimiki. Ati sina kesi."

"Sasa umekuja na nini?"

"Na swali." Akatoa risiti, akaweka kidole juu ya wino wa zambarau. "Nani alifungua?"

Naim akakitazama kisu chake.

"Ulifungua wewe, na kisu hicho. Ukatia maji yako ya kunywa ndani, ukaniambia nisikize. Kwa hivyo ilikuwa hairudishwi hata kabla nitoe pesa?"

Nyuma yake alisimama mkulima mmoja, Kimaiyo, akisubiri pasi yake ijaribiwe.

"Mzee," akasema, "hiyo yangu usifungue kwanza."

"Utajuaje kama inashika moto?"

Kimaiyo akafikiri. "Hapo sasa ndio sijui."

Naim alitazama katoni ya pasi ambayo haingeweza kuuzwa bila kufunguliwa, akatazama muhuri ambao haukuruhusu iliyofunguliwa irudishwe. Kisha akachukua jagi la maji, akaijaza blenda nusu, akaiwasha. Walisikiliza wote watatu. Ilinguruma kama siku ile ile aliyoiuza. Akaizima, akaifuta kwa taulo, akairudisha kwenye katoni yake.

"Redio gani?"

Jentrix akachagua ya bei moja na blenda. Naim akashika kisu, akasita.

"Fungua bana," akasema Jentrix. "Lakini tukumbuke ni wewe."

Akafungua. Ilipatikana stesheni iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo, na wote wakakubali kwamba inasikika vizuri.

Jumapili redio ikaenda Myanga. Habari zilizofika Kibomet ni kwamba mama mkwe huisikiliza huku akitafuna, na humlaumu mtangazaji kwa kusema kwa sauti ya chini.

Blenda haikukaa siku nyingi. Kimaiyo aliirudia, akasema anataka ile iliyojaribiwa mara mbili. Naim akaijaribu mara ya tatu.

Muhuri hakuutupa, maana ulitengenezwa kwa raba nzuri. Alichukua wembe, akakata neno la mwisho. Bado anaugonga kwenye kila risiti, kwa wino ule ule. Unasema MALI ILIYOFUNGULIWA, na mpaka sasa hakuna mteja aliyepinga.