Kamera Tumboni mwa Kaka

Wakati wa vita kaka yangu, muuza vitenge wa Butembo, alikuwa akipoteza damu tumboni na hakuna aliyejua inatokea wapi. Madaktari wa Nairobi walimmezesha kidonge chenye kamera. Kilipita kwenye utumbo mwembamba kikipiga picha na kuzirusha kwenye mashine aliyofungwa kiunoni kutwa nzima. Picha zilionyesha kidonda kidogo, cha kutibika kwa dawa. Mashine ilibaki hospitali. Kidonge kilibaki kwa kaka. Daktari alituonya kwamba kisipoonekana kikitoka, huenda kimekwama, na kilichokwama hutolewa kwa kisu. Nikanunua ndoo na kichungi, nikafungua ukurasa mpya katika daftari langu wa kuandika saa kitakapotoka.

Siku ya tatu tulivuka mpaka kurudi nyumbani, ukurasa ungali mweupe. Kabla ya mji wa Beni tukasimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani. Kaka alishika desturi ya wafanyabiashara wa kwetu: taja mali yote kabla hujaulizwa, maana kinachofichwa ndicho kinacholeta fimbo. Akataja vitenge, akataja sahani, kisha akamwambia mwanajeshi aliyetukagua, "Na kamera moja, mukubwa chef. Iko mu tumbo yangu."

Mwanajeshi akasema kamera ni kitu cha wapelelezi. "Toa."

"Hapana weza kuitoa, chef. Itatoka yenyewe, lakini bado."

Tukawekwa kwenye benchi mpaka itoke. Nilieleza kwa utaratibu, nikachora utumbo daftarini. Mwanajeshi akauliza hiyo ni ramani ya barabara gani. Nikaufuta. Kaka alilishwa maharage na parachichi. Kila saa mwanajeshi alikuja kumtazama tumbo, lakini kwanza alifunga vifungo vya koti na kunyoosha kofia. "Imefika wapi?"

Asubuhi kaka aliinuka ghafla, akachukua ndoo. Nilimfuata na kichungi. Nilimwaga maji mara nne kabla ya kukiona: kikubwa kidogo tu kuliko haragwe, na jicho la kioo. Kaka aliketi kwenye majani.

"Mudogo wangu," akasema polepole, "kisu hapana tena."

Niliandika saa daftarini, kisha nikampelekea mwanajeshi kamera yake, juu ya kichungi. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Mupite. Na ile kitu, muende nayo."

Katika miaka yote ya vita, hiyo ndiyo mali pekee ya kaka ambayo kizuizini walikataa kuichukua.